Mwandishi Wetu Alikuwa Nani

Benchi lao lilikuwa ubao uliolazwa juu ya matofali, mkabala na lango la chuo, na kila aliyelizoea alibandikwa jina. Mshona viatu walimwita Gundi. Mstaafu aliyeuza magazeti miaka thelathini walimwita Toleo. Mwanamke aliyefundisha historia ya uandishi wa habari huku akisomea udaktari kwa mwaka wa sita, huyo alikuwa Dokta Bado. Siku hiyo alifika mchana, akapokea kikombe chake cha kahawa, asikinywe.

Akawaeleza taratibu. Gazeti alilokuwa akilichunguza lilikufa zamani, na habari zake kali hazikuwa na jina la mtu. Ziliandikwa “Na Mwandishi Wetu” basi, maana enzi zile jina lilitosha kukufikisha jela. Nani aliandika nini, ilijulikana kwa daftari moja la chumba cha habari, lililohifadhiwa maktaba. Asubuhi hiyo aliwapeleka wanafunzi wakalione kwa macho yao, wakakuta rafu tupu. Maktaba ilitaka nafasi ya kompyuta. Makaratasi makuukuu yote yalikuwa yameondoka na lori la taka. Yeye alikuwa amenakili kurasa kumi na moja.

— Hapo kuna mkono wa mkubwa, alisema Toleo. Jina lake lilikuwemo humo.

— Mkubwa wapi? Wamelibeba wageni, alisema Gundi. Kesho watatuuzia picha zake.

— Na lile lori halikuwa la taka, alisema Toleo. Lilipakwa rangi tu.

Dokta Bado alitamani iwe kweli, walau apate adui. Lakini mkutubi alishamwonyesha fomu ya kuyatupa: ilitiwa saini bila kusomwa. Na lililomuuma zaidi hakulitamka. Miaka miwili aliahirisha kunakili, akimsahihishia profesa wake mitihani.

Gundi akajaribu kumliwaza.

— Usikate tamaa, dada. Bandu bandu huisha gogo.

— Limeshaisha, kaka.

Hapo akaja mama wa makamo, mgeni kijiweni. Akamwamkia Toleo shikamoo, kisha akauliza yupi ni mwalimu wa historia ya magazeti. Wakamwonyesha.

— Mwanangu yuko darasani kwako, mwalimu. Wiki iliyopita alinihadithia habari za daftari. Marehemu baba yangu aliandikia gazeti lile. Walimfunga, akarudi hasemi, akafa hasemi. Nilitaka kujua tu, habari zipi ni zake?

Akalitaja jina la baba yake. Toleo, aliyeliuza gazeti lile kwa mikono yake kila alfajiri, aliinamia kikombe. Dokta Bado akafungua mkoba, akatoa zile kurasa kumi na moja, akaanza kuzipekua moja moja, ingawa kila jina lililokuwemo alilijua kwa moyo, na hilo halikuwemo.

Yule mama akaona anatafutiwa. Akashukuru, akaketi pembeni ya benchi, akasubiri.