Maman Adèle, Mama wa Neno "Sombe"

Tarehe 28 Juni 2019, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Maman Adèle M'Lubala anastaafu katika ofisi yetu ya Bukavu. Vijana wanaompigia makofi hawajui kwamba neno wanalolipenda kuliko yote kwenye WhatsApp limetoka kwake.

Siku hizi mtu akinyamaza wiki nzima kisha akatokea mtandaoni, huandika "sombe" tu, yaani kisamvu, na marafiki wanafurahi kwamba yuko salama. Wapo wanaodai neno limetoka Kinshasa. Uongo mtupu! Kinshasa majani hayo ya muhogo wanayaita pondu.

Maman Adèle aliingia mwaka 1988 kama mpiga chapa. Vita vilipofunga barabara, alikabidhiwa phonie, redio ya kuzungumza na vijiji. Betri ilikuwa dhaifu, kila familia ilipewa dakika tatu, na watu walizimaliza kwa kusalimia mpaka mbuzi. Papa Lucien wa magari alianza na sala, na dakika zikaisha akiwa hajafika hata Amina. Tena aliyeulizwa kama ni mzima alijibu ndiyo, maana wenye bunduki nao walisikiliza. Basi Maman akabuni swali lake: "Jana mulikula nini?" Aliyejificha porini hatwangi sombe, kwani kinu husikika mbali. Aliyejibu "sombe" alikuwa nyumbani kwake. Aliyetaja muhogo wa kuchoma alihitaji msaada. Watoto wa mjini wakaliokota neno, wakakua nalo hadi kwenye simu.

Mwaka 2000 Shabunda ilinyamaza wiki kumi na moja. Clémence, mdogo wake Maman Adèle, alikuwa huko na watoto wawili. Maman alikonda mpaka tukaogopa. Mawasiliano yaliporudi, aliandika jina lake mwenyewe mwisho wa orodha ya waliosubiri kuzungumza. Tulimsihi atangulie.

"Hapana. Hawa bote biko na ndugu kule," alisema.

Zamu yake ilipofika, aliuliza kwa sauti ileile ya kazi. Clémence akajibu, akimwita dada kama kawaida: "Muhogo ya kuchoma, yaya."

Hakulia. Aliliandika daftarini, akalipeleka kwa mkuu wa ofisi kama taarifa nyingine yoyote, kisha akaketi nje ya mlango wake mpaka ndege ikapatikana. Siku ya tisa Clémence alishuka na wanawe wote wawili, na hapo ndipo Maman alipolia, sisi sote pamoja naye.

Leo Clémence ameketi mstari wa mbele, amevaa pagne, kitenge cha sare moja na dada yake. Asante, Maman Adèle. Nenda Nyantende ukakae jirani naye, mzeeke pamoja mkigombana kwa raha.