Ndugu wa Mgonjwa Lượm

Kwenye kona ya soko la Cần Thơ, pale viti vya plastiki vinapowazibia watu njia, Mzee Lượm alikuwa ameketi akiitazama kahawa yake ikichuruzika tone kwa tone kutoka kwenye kichujio hadi kwenye bilauri. Kesho asubuhi angetobolewa mfupa wa nyonga, watoe uroto, wajue kama kweli ni saratani ya damu na ni ya aina gani. Alikuja kijiweni na ombi moja tu: apate mtu wa kumsindikiza. Lakini mbele ya rafiki zake wawili wa hapo kijiweni, kupata nafasi ya kusema ni kazi kwelikweli.

— Damu si walishakutoa? akauliza Spika, muuza bata. Sasa mfupa wa nini?

— Damu imewaonyesha chembe nyeupe zimezidi. Wanataka kuona huko zinakotengenezwa.

— Usidanganyike, kaka. Wanafyonza uroto kama wewe unavyofyonza mfupa wa supu. Ukitoka hapo unatembea upande upande.

Út, aliyebandikwa jina la Daktari kwa kuwa aliwahi kulinda geti la hospitali, akabenua mdomo.

— Huyu hajui kitu. Siri iko kwenye vifuniko vya vichupa vya damu. Zambarau, unarudi nyumbani. Kijani, wanaita ukoo.

— Mimi nilitolewa vyote viwili.

— Basi hapo pagumu.

— Na nikianzishiwa dawa, Lượm akaendelea, nitapimwa damu tena na tena, waone kama ugonjwa unapungua. Sasa nilikuwa nataka…

— Tena na tena? Watakukausha hao, Spika akadakia. Sikiliza, alfajiri nakuchinjia bata, unakula damu yake mbichi. Kipimo kikikuta damu ya bata, kitachanganyikiwa.

— Kitasema ana mafua ya kuku, Daktari akasema.

Wakacheka. Lượm naye akacheka, huku roho inamuuma. Mkewe alishafariki. Binti yake aliolewa Taiwan, na kila akipiga simu, baba humwambia ni mzima wa afya.

Mama mmoja muuza tiketi za bahati nasibu, mgeni pale konani, alikuwa amekaa kupumzisha miguu. Akageuka.

— Samahani, babu. Wodini si lazima mtu aende na ndugu yake? Wa kumshika mkono, wa kufuatilia majibu, wa kumnunulia uji. Wewe kesho unakwenda na nani?

Lượm akawageukia rafiki zake. Lile ombi aliloshindwa kulitoa asubuhi yote lilikuwa limesemwa na mtu asiyemjua hata jina.

Spika akaanza kukoroga bilauri isiyo na kitu. Daktari akatazama saa yake, kisha akaitazama tena.

— Usijali, mwanangu, Lượm akasema hatimaye. Muuguzi akitoka mlangoni kumwita ndugu wa mgonjwa Lượm, nitainuka mimi.