Eliudi Shemboza na Ngoma ya Wakata Mkonge, 1917–1959

Ndugu waombolezaji, baba yetu mdogo Eliudi alizaliwa tarehe 4 Machi 1917 huko Bumbuli, mtoto wa tatu wa Mzee Noa Shemboza. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu alimchapa sana kwa kuandikia mkono wa kushoto, wala hakuuacha.

Mwaka 1938 aliteremka pwani, akawa mkata mkonge, kisha nyapara, karibu na Pangani. Mwaka 1951 alianzisha kundi la ngoma, wanaume kwa wanawake kumi na sita, wakifanya mazoezi katika ghala la Bwana Abdulrasul Rehmatulla pale Tanga. Miaka ile ilikuwa mitamu, jamani! Walizunguka Muheza, Korogwe, Mombasa hadi Unguja, na kila mwaka marehemu alitunga mchezo mpya. Uliovuma zaidi ni Ngoma ya Wakata Mkonge. Aliwafundisha mwenyewe, na bila kujua akawafanya wote wakate kwa kushoto.

Walipoicheza Pangani mwaka 1952, wakata mkonge waliangua kicheko. Kristina, binti wa fundi cherehani, alimfuata akamuuliza, “Kaka, hawa wote umewazaa wewe?” Marehemu alicheka naye, asibadilishe hata hatua moja. Walifunga ndoa tarehe 11 Oktoba mwaka uo huo.

Mwaka 1954 wazee wa kanisa walimtenga na Meza ya Bwana kwa sababu ya ngoma. Tusifiche, lilimuuma. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, wenzake wakipita mbele. Kristina alimsihi, “Baba Zebedayo, si uiache tu?” Akajibu, “Nikiiacha, nitakuwa nimekiri kwamba ilikuwa mbaya.”

Mwaka 1958 alishikwa na ugonjwa wa kifua, na safari za kundi zikakoma. Agosti mwaka uliofuata, mchungaji alimtembelea hospitali, akamuuliza, “Eliudi, unaitubu ngoma?”

“Mchungaji, dhambi zangu ni nyingi, zote nazitubu. Ngoma haimo.”

Mchungaji akafungua mkoba wake, akatoa mkate na kikombe. Siku ya tatu, tarehe 17 Agosti 1959, marehemu alifariki dunia.

Ameacha mjane, Kristina, na watoto watatu: Zebedayo, Bibiana na Beatrisi. Ameacha pia wachezaji wake. Jana waliomba wabebe jeneza, wanaume kwa wanawake, na kanisa limeridhia.

Pumzika, Baba Mdogo, katika amani ya Bwana wako.