Mama Nyuma-Je Afunga Droo: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bima ya Nyongeza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, Mama Nyuma-Je anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika ofisi yetu ya bima. Saa kumi ni kwa mujibu wa barua ya utumishi. Sisi tuliokaa naye tunajua kwamba saa kumi kasoro dakika tano ataingia mtu na bahasha ya bili, Mama atamvutia kiti, na mlinzi atakuja kufunga mlango mara tatu bila mafanikio.

Nimekaa meza inayotazamana na yake kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya. Nimeombwa nisizidishe chumvi. Nimejitahidi; chumvi iliyomo ameitia mwenyewe.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Miaka minne mfululizo alichapa barua za kuwaarifu watu kwamba bima yao ya afya hailipii walichoomba. Husema kwamba maneno "tunasikitika kukuarifu" vidole vyake viliyajua kabla ya moyo wake kuyajua. Kisha mumewe, fundi seremala, akakatwa na msumeno mkono wa kulia. Bima ya familia ililipia upasuaji na kitanda, ikaishia hapo. Miezi minne ya mazoezi ya viungo ikawa juu yao, na dawa mbili zisizokuwa kwenye orodha ya bima, na ile sehemu ya bili ambayo kila mgonjwa huachiwa mwenyewe. Fundi akauza misumeno na randa zake ili mkono upone. Mkono ukapona vizuri kabisa, ukakosa cha kushika. Na ile barua ya kusikitika iliyopelekwa nyumbani kwao, Mama ndiye aliyeichapa.

Wiki iliyofuata aliomba kuhamishiwa dawati la bima ya nyongeza, ile bima ndogo inayolipa kile ambacho bima kubwa imekiacha. Hakukuwa na mshindani. Dawati lilikuwa mwisho wa ukumbi, ubavuni mwa mlango wa choo, na karani aliyetangulia aliacha kazi akilalamikia hewa.

Mama hakulalamika. Aligundua kwamba kila mtu anayeingia ofisini, mkubwa kwa mdogo, mwishowe hupita pale. Mtu akija mbio akiuliza choo kiko wapi, Mama alimwonyesha kwa kidole. Akitoka ametulia, anamkuta Mama amekwisha kumwekea kiti. "Karibu, ndugu yangu. Sasa umepata nafasi ya kufikiri." Tumewahi kuhesabu: zaidi ya nusu ya wateja wake walikuja kujisaidia wakaondoka na bima.

Jina lake la utani lilitokana na gauni la hospitali. Wateja walikuwa wakimwambia, "Mimi nina bima ya afya tayari, ya nini nyingine?" Alieleza kwa mdomo hadi akachoka. Siku moja akaazima gauni wodini, lile linalofungwa kwa kamba mgongoni, akalivaa juu ya nguo zake katikati ya ukumbi. Akasimama mbele ya wateja kama bibi harusi. "Mnaona? Nimesitirika au sijasitirika?" Wakaitikia kwamba amesitirika. Akageuka. "Na nyuma je?" Ukumbi ulicheka hadi mhasibu akatoka kuuliza kama kuna moto. Siku ile alisajili wateja kumi na wanne, na jina lake la kuzaliwa hatujalitumia tena. Hata karatasi ya mshahara ilipata kutoka na "Nyuma-Je", akaipokea bila kinyongo.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa na dai lolote. Mwalimu mmoja mstaafu wa kwaya alikalia meno yake ya bandia kwenye kochi. Yakamng'ata. Bima kubwa ililipia nyuzi za kidonda, ikakataa meno kwa sababu meno hayamo kwenye mpango wake. Sisi wengine tulishindwa hata kuisoma fomu kwa kucheka. Mama aliisoma mara tatu bila kutabasamu, akaandika barua ya kurasa mbili, na mwalimu akapata meno mapya. Mwalimu alipokwisha kuondoka ndipo Mama aliingia stoo akacheka peke yake kwa robo saa. Tulimsikia.

Lakini kisa tunachotaka kibaki kwenye kumbukumbu ni cha Mkuu wetu wa ofisi, ambaye ameturuhusu kukisimulia.

Mkuu alipohamia hapa, miaka tisa iliyopita, alikagua kila dawati. Alipofika la mwisho alisimama akiwa ameziba pua, akatangaza kwamba dawati la nyongeza lifungwe ifikapo mwisho wa mwaka. Mama akamuuliza yeye mwenyewe amekata bima gani. "Mama, mimi bima yangu ni ya daraja la kwanza," akajibu. "Hizi nyongeza ni za watu wenye wasiwasi." Mama akasema haya, Mkuu, akaendelea kupanga fomu zake. Lakini wiki zile alikula chakula chake cha mchana kimya, nasi hatukuzoea.

Miezi miwili baadaye tukapata habari kwamba Mkuu amelazwa, mguu umevunjika sehemu mbili. Habari ilifika ofisini kwa fahari: alikuwa amepambana na mwizi nyumbani kwake. Tulimchangia maua. Mhasibu alipendekeza apewe cheti cha ushujaa.

Wiki ya tatu mkewe alikuja ofisini, macho mekundu. Bima ya daraja la kwanza ililipia vyuma vya mguuni na siku kumi za kitanda. Baada ya hapo hospitali ilikuwa inamdai Mkuu mwenyewe: siku zilizozidi, sehemu yake ya bili ya upasuaji, magongo, na mazoezi ya viungo ambayo hayajaanza. Walikuwa wanafikiria kuwahamisha watoto shule.

"Lakini mwanangu, wewe si una nyongeza?" Mama akamwambia.

Yule dada akamkodolea macho. Mama akavuta droo, akatoa faili. Wiki tano kabla ya ajali mke wa Mkuu alikuja kumletea mumewe funguo, akabanwa, akauliza choo. Akatoka na bima ya nyongeza ya familia nzima, akaona aibu kumwambia mumewe, kisha akasahau. Kwa ugonjwa alipaswa kusubiri miezi mitatu. Kwa ajali, bima hulipa tangu siku ya kwanza.

Ikabaki fomu. Mama aliipeleka wodini mwenyewe, nami nikamsindikiza nikibeba ndizi. Mkuu akajaza kila mahali kwa mwandiko mzuri, na palipoandikwa "Eleza ajali ilivyotokea" akaandika: mwizi.

"Mkuu," Mama akasema, "kwa mwizi watataka ripoti ya polisi."

Mkuu akatazama dirisha. Akaomba mimi nitoke. Mama akasema huyu ni shahidi, na isitoshe ameshika ndizi. Mkuu akashusha sauti hadi ikawa kama ya mtoto anayeungama.

"Hakukuwa na mwizi. Alikuwa mende."

"Mende mmoja?"

"Mmoja. Nilipanda juu ya kigoda. Kigoda kikavunjika."

Nilimtazama Mama nikitegemea acheke, kwa maana huyu ndiye aliyetaka kumfungia dawati, na sasa alikuwa amemshika pabaya. Hakucheka. Alichukua kalamu akaandika polepole, akisoma kwa sauti ili mgonjwa aridhie: "Alipanda kigoda kumkwepa mdudu, kigoda kikavunjika, akaangukia mguu." Akainua kichwa. "Ndivyo, Mkuu? Basi hakuna neno la uongo, na hakuna mtu atakayeuliza ni mdudu gani." Mkuu akatia sahihi. Akasema ahsante, kisha akasema tena, na ya pili haikutoka vizuri kwa sababu alikuwa analia.

Dai lililipwa lote: kitanda, ile sehemu ya bili, magongo, na mazoezi ya wiki kumi na mbili. Watoto walibaki shuleni kwao. Kuhusu mende, Mama hakumwambia mtu, nami nilinyamaza miaka tisa, kazi iliyonichosha kuliko mahesabu ya mwisho wa mwaka. Mkuu alipotoa ruhusa mwezi huu aliomba jambo moja tu liandikwe: kwamba yule mende alikuwa anaruka.

Siku aliyorudi kazini na magongo yake, Mkuu alifuta agizo la kufunga dawati. Kwa shukrani akalihamishia mbele, karibu na mlango mkuu, penye feni na ua la plastiki. Mauzo yakaanguka. Watu waliingia wakampita wakiwa na haraka zao. Mwezi wa pili Mama aliandika barua rasmi ya kuomba arudishwe chooni. Nakala tunayo masjala, na wageni huomba kuisoma.

Mumewe, kwa wale watakaouliza, alinunua vifaa vyake upya, kimoja kimoja, miaka sita. Sasa ana karakana yenye wafanyakazi wawili, na wote watatu wana bima ya nyongeza, wapende wasipende.

Juma lililopita tulimsaidia kuhamisha kabati. Nyuma ya mafaili tulikuta boksi la viatu limejaa picha ndogo ambazo wateja walimletea mwaka hadi mwaka. Zilikuwa picha za magoti, macho na viganja, na ya mwalimu mmoja akiwa amefungua mdomo wote. Mgongoni mwa kila picha ameandika neno moja kwa penseli. Anatembea. Anaona. Anatafuna. Anashona. Tulikaa sakafuni tukazisoma moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuna aliyetaniwa mbele yake.

Mama, tunakushukuru kwa kila bahasha uliyoifungua wakati sisi tumeshavaa makoti. Uende ukalale hadi jua likuchoke, ule bila kukatizwa, na mzee wako akufanyie kiti cha kuegemea. Maisha yako yawe mema, marefu, na yenye kicheko cha wazi, si cha stooni. Picha tutakayokupiga Ijumaa tumekwisha kuiandika mgongoni, kwa penseli: Anapumzika.