Mikate ya Tanuri Lililosusiwa

Wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, amani iwafikie nyote, hata nyinyi mliojibanza mlangoni mkiogopa kuitwa mbele. Bi Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Mimi nimehitimu darasa la usiku na mvi zangu hizi, na ufupi hatukufundishwa.

Mnajua kazi yangu hapa Ole, kisiwani kwetu, ni mikate ya boflo. Boflo langu likipasuliwa hapa, harufu hufika Vitongoji, na samaki hutoa vichwa majini wakaulizia chai. Basi vyama vingi vya siasa vilipoingia, viliingia hadi ndani ya vikombe. Mnakumbuka wenyewe: huyu hanunui kwa yule, yule haendi kwenye maziko ya huyu. Mzee mmoja, jina lake nalisitiri, akasimama barazani, akanitaja mimi: "Mkate wa yule ni wa upande ule. Atakayeula asikanyage kwangu."

Asubuhi yake mikate imeiva, wateja hakuna ila kuku. Ndugu zangu, nawaambia, kuku wangu walinenepa hadi wakashindwa kuvuka kizingiti! Lakini mimi kicheko kiliniisha. Tanuri likazimika, nikawa nakaa mbele yake kutwa kama nimefiwa. Mke wangu akasema, "Nenda kwa dadako Dar es Salaam ukapumue. Hapa utakufa ukiangalia majivu."

Dada anakaa bondeni, kwenye mtaa uliobanana vibaya. Pale ukipiga chafya chumbani mwako, anayekwambia "yarhamukallah" yuko nyumba ya tatu. Siku ya kwanza mama wa chumba cha pili akaniletea chai. Nami, Mpemba niliyetoka kwenye kususiwa, nikauliza kwanza: "Samahani mama, nyinyi hapa ni wa chama gani?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Kaka, nimetia sukari na tangawizi. Hicho kingine sikutia."

Dada akanifinya. Nikanywa.

Kisha ikaja mvua, na mvua ile ilitaka kuihamishia bahari chumbani kwetu. Nikashika ndoo, nikachota, nikamwaga mlangoni. Yule mama akapiga ukelele: "We Mpemba! Ukimwaga hapo yanakuja kwangu, nami nikiyamwaga yanarudi kwako. Ingia mstarini!"

Kutazama, uchochoro mzima wamejipanga, ndoo zinapita mkono kwa mkono hadi mtaroni. Mbele yangu fundi viatu, fulana yake ya chama hiki. Nyuma yangu babu mmoja, kofia yake ya chama kile. Na wanatambiana!

"Uchaguzi huu tunawagaragaza, babu!"

"Mtaota! Shika ndoo hiyo, kura zenyewe huwezi kuzibeba!"

Mtaa mzima unacheka, maji yako magotini. Ndugu zangu, nilisimama na ndoo mkononi kama mti. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kubishana nawe namna ile na asikususe.

Maji yalipokauka nikajenga kitanuri kwa pipa bovu, nikawachomea mikate majirani wote. Wakaila, wakaidai tena. Hapo mikono yangu ikakumbuka kazi, na mimi nikakumbuka kwetu.

Nilirudi. Wiki ile ile nikasikia yule mzee wa barazani kafiwa na mkewe. Nikawasha tanuri alfajiri, nikajaza kapu, nikafunga kwenye baiskeli. Nilipoingia uani kwao, wote waligeuka wakanitazama. Baiskeli ikagonga jiwe, ikalia kengele yenyewe.

"Poleni na msiba, Mzee. Nimeleta mikate."

"Ya tanuri lile?"

"Lile lile."

Akaja hadi kwenye baiskeli, akafunua kapu. Kisha akauliza, "Ya moto?"

"Inaunguza, Mzee."

"Watu wanakunywa chai kavu tangu alfajiri. Unamngoja nani aimege?" Akamega yeye mwanzo, machozi yanamtoka.

Namshukuru mke wangu aliyenifukuza kwa mapenzi, dada yangu na kufinya kwake, na mama wa chumba cha pili aliyenitia mstarini. Nanyi nawaambia: bishaneni mpaka sauti zikauke, lakini mtu asitolewe kwenye mstari wa ndoo. Maji yakija, yatakuja kwetu sote.

Mzee mwenyewe yumo humu ndani. Simtaji. Mtamjua kwa makombo ya boflo ndevuni.