Simenti Agoma Kwenda Harusini

Benchi letu liko mbele ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe, hapa Saskatchewan, Kanada, upande usiopigwa na upepo. Tumelikalia kila asubuhi tangu tustaafu. Yupo Meya, aliyegombea umeya mara nne na hajapata kura za kutosha hata kuwa karani. Yupo Profesa, ambaye elimu yake yote ameitoa kwenye magazeti ya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Nipo mimi, Nestor, mwenye chupa ya kahawa. Na yupo Metro Hnatiuk, tunayemwita Simenti kwa sababu nusu ya sakafu za mji huu alimwaga yeye. Jumatatu moja ya Septemba Simenti alikuja, akakataa kukaa kama alivyokataa tangu Julai, akatangaza kwamba haendi kwenye harusi ya binti yake.

— Harusi ya Oksana? Si wiki tatu tu zimebaki! — Meya akaruka. — Umegombana na mkwe?

— Mkwe hana neno.

— Basi ni chakula. Hawapiki kabeji za kukunja?

— Si chakula, jamani. — Simenti akatazama kushoto, akatazama kulia. — Ni huku nyuma. Hakufungi.

— Nyuma wapi? Mlango wa gari?

— Mlango wangu mimi, we zuzu!

Ikabidi atueleze. Tangu Julai choo kinamtoka bila taarifa. Anainua mfuko wa mbegu, tayari. Anakohoa, tayari. Siku nyingine hasikii kitu mpaka mkewe amkonyeze. Na ndoa kwenye kanisa letu la Kiukreni ni saa nzima na nusu, baba wa bibi harusi amesimama mbele, suti ya kijivu, watu mia mbili mgongoni.

— Kijivu! — Profesa akatikisa kichwa. — Ungechagua kahawia.

— Nacheka nanyi mimi?

— Tulia, kaka. Hiyo ni hitilafu ya waya. Nilisoma. Kuna waya unatoka kichwani unashuka mpaka makalioni. Wewe kofia yako inabana.

— Kofia gani! — Meya akamkata. — Ni trekta. Miaka arobaini mtu anatikiswa, nati zote zimelegea. Anatakiwa kukazwa.

— Na nani?

— Fundi yeyote mzuri.

— Hapana, sikilizeni, — Profesa akasimama kabisa. — Sisi tunaishi juu sana kwenye ramani. Kitu chochote kilicho juu kinavutwa kusini. Angehamia Meksiko kingetulia.

— Kwa hiyo harusini asimame kwa kichwa?

Hata Simenti alicheka, halafu akajishika ghafla, akatulia kama nguzo.

— Mimi nimejitibu, — akasema polepole. — Jibini asubuhi, jibini jioni. Na vidonge vya kuzuia kuhara. Mwezi mzima.

— Ongeza jibini! — mimi nikamshauri, kwa moyo mweupe kabisa.

Hapo akatoka dukani mama mmoja, mfuko wa chakula cha ndege begani. Ni Lesya, mgeni hapa mjini kwetu, aliyeuguza watu miaka thelathini huko Saskatoon kabla ya kustaafu. Akautua mfuko.

— Samahani, kaka zangu, mnaongea kwa sauti. Wewe, bwana Hnatiuk. Choo kizima, kile cha kuinuka mtu umeridhika, ulipata lini mara ya mwisho?

Simenti akahesabu vidole vya mkono wa kwanza, akaingia wa pili.

— Kile... hapana. Ile Jumapili ya... hapana.

— Basi huenda huhari hata kidogo. Huenda umeziba. Kigumu kimekaa ndani, majimaji yanapita pembeni. Lakini hayo hayajulikani kwenye benchi. Nenda kwa daktari. Andika unakula nini, unakwenda lini, kinavuja lini. Na usiongeze jibini wala vidonge kabla hajakuona.

— Atanifanya nini?

— Atauliza maswali. Atabonyeza tumbo. Halafu kidole.

— Kidole cha nani? — Meya akauliza.

— Cha daktari.

— Kinakwenda wapi?

Meya alielewa mwenyewe, taratibu, kahawa ikimpoa mkononi.

Simenti alikwenda Alhamisi. Aliporudi benchini alikaa, kwa mara ya kwanza tangu Julai.

— Nimeziba kweli. Vidonge na jibini ndivyo vilivyozidi kuniharibu. Nimepewa dawa ya kulainisha, uji wa shayiri, maji mengi. Kila baada ya kifungua kinywa nakaa chooni, miguu juu ya kigoda.

— Na kidole? — Meya akanong'ona.

— Sekunde chache. Akaniambia, bana. Nikabana. Akaniuliza, hiyo ndiyo nguvu yako yote? Misuli imelala, bwana. Sasa nafanya mazoezi: nabana, nahesabu, naachia. Hata sasa hivi nabana.

Tukamtazama usoni. Huwezi kujua.

Simenti alimwambia Oksana ukweli wote. Binti alilia, akacheka, akamwambia asimame karibu na mlango wa pembeni. Simenti alikwenda na pedi ndani ya suti na suruali ya akiba garini. Katikati ya ibada alitoweka dakika kumi; padri akaimba polepole mpaka aliporudi. Kwenye ukumbi alicheza polka tatu. Ya nne alikaa, kwa busara.

Jumatatu iliyofuata Lesya alipita benchini na karatasi.

— Zahanati inaanza mazoezi ya kubana, Jumanne, wanaume tu. Bwana Hnatiuk nimeshamwandika. Nani mwingine?

Profesa akaangalia mawingu. Mimi nikatikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu, nikaitikisa tena. Gari moja likapita. Lesya akasubiri, kalamu mkononi.

— Hiyo Jumanne, — Meya akasema, akiwa ameutazama upande wa pili wa barabara, — ni saa ngapi?