Shangazi na Birika Lisilo na Mkono

Baada ya miaka thelathini na minne ya kubeba sinia bila kummwagia mgeni hata tone la supu (kwa maelezo yake mwenyewe), mhudumu mkuu wetu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye faili la ofisi ana jina kamili na namba ya ajira. Kwetu sisi ni Shangazi, na hata wateja wanaomzidi umri humwita hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kupita mbele yake bila kuulizwa kama amekula.

Aliingia hapa na viatu vya kuazima kwa dada yake, na siku yake ya kwanza kazini inasimuliwa hadi leo. Mteja mmoja alilipa bili, akaacha noti chini ya kisahani cha chai, akaenda zake. Shangazi alikuwa hajawahi kusikia habari za bakshishi. Alidhani masikini ya Mungu amesahau pesa zake, akatoka mbio na aproni kiunoni, akakata mitaa miwili na kumdaka yule bwana kwenye ngazi za ofisi yake. Bwana akaeleza, Shangazi akagoma, wakavutana na ile noti mpaka bawabu akaitwa kuamua. Wanaopenda kutia chumvi husema bawabu ndiye aliyebaki nayo. Shangazi hakubali wala hakatai.

Kazi aliijua haraka. Alishika oda za meza sita kichwani bila karatasi. Wahudumu wapya aliwafundisha kumsoma mteja kwa namna anavyokaa: aliyeegemea ana muda wa kuongea, aliyekaa ukingoni mwa kiti mletee bili pamoja na chai. Wengi waliopita mikononi mwake leo wana migahawa yao, na wakija hapa bado hunyanyuka wenyewe kupanga viti. Wakijisahau, anawatazama mpaka wakumbuke.

Hata hivyo, huwezi kumsimulia Shangazi ukaacha ule mvutano wa bakshishi wa miaka kumi na miwili iliyopita. Mzee mwenye mgahawa alitaka kila bili iongezwe asilimia kumi ya huduma, halafu mishahara isipandishwe tena. Wahudumu tukataka kila mtu ale kwa jasho lake, anachoachiwa mezani kwake kiwe chake. Jikoni nao walikuwa wamechoka kusikia vicheko vya ukumbini huku wao wakiambulia moshi. Kwa wiki mbili tulipishana mlangoni bila salamu, na sahani zikawa zinatua mezani kwa kishindo.

Shangazi akaja na lake. Bakshishi ibaki hiari ya mgeni, maana shukrani ya kulazimishwa haina ladha. Yote iingie chombo kimoja, igawanywe kwa wote, kuanzia mpishi hadi anayepiga deki. Mshahara ubaki kazi ya mzee, kama ulivyokuwa siku zote. Kumbukeni kwamba hakuna aliyekuwa akiachiwa bakshishi nyingi kumshinda yeye. Mzee alikunja uso, akasema atakubali iwapo wafanyakazi wenyewe watapiga kura wakaafikiana.

Mkutano ulifanyika Jumatatu asubuhi, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza. Mpishi mkuu, ambaye kwa kawaida husema maneno matano kwa siku, alisimama na barua ya kuacha kazi ikichungulia kwenye mfuko wa aproni yake. Alisema, "Mimi sililii pesa, jamani. Nina miaka tisa hapa, na sijawahi kuambiwa kama kuna mtu chakula changu kilimfurahisha." Akakaa.

Kulikuwa na mhudumu mmoja kijana, mwenye meza za dirishani na mdomo mrefu kuliko wote, ambaye ndiye aliyewaongoza waliopinga. Kura zilipohesabiwa zilikuwa sawa kwa sawa, na mkono wake peke yake ulikuwa haujainuka upande wowote. Shangazi alimtazama kutoka upande wa pili wa ukumbi. Kijana akainua mkono kumuunga mkono, na wenzake wakapigwa na butwaa. Mhudumu huyo ni mimi, na wengi mlinisifu siku ile kwa moyo wa ukarimu. Nilichokuwa nacho ni hofu tu, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Chombo kilichochaguliwa kilikuwa birika kuukuu la kaure lililovunjika mkono, ili mtu yeyote asije akasema tuna mkono wa birika. Shangazi akaongeza sharti moja: mgeni akitoa neno jema, liandikwe kwenye karatasi na liingie humo pamoja na noti. Kila Jumamosi birika likifunguliwa, karatasi husomwa kwanza. Moja husema, "Supu ilikuwa moto sawasawa." Nyingine, "Glasi ziling'aa." Mpishi mkuu alichana barua yake mwezi uleule, na mama anayeosha vyombo ana karatasi zake zote kwenye kopo la biskuti nyumbani.

Wiki iliyopita Shangazi alinikabidhi mimi birika hilo nilitunze. Nilianza kushukuru kwa maneno marefu, akanikatiza: "Kuna karatasi moja haijaingia bado, mwanangu. Unaijua." Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anangoja tu.

Ninaijua. Siku tatu kabla ya ule mkutano, mgeni mmoja mzee wa meza ya dirishani alinipa noti na kuniambia niipeleke jikoni pamoja na ujumbe wake. Noti niliitia mfukoni, na ujumbe nikaumeza. Shangazi alikuwa anafuta meza ya jirani. Alisikia kila kitu, na hajawahi kuniaibisha mbele ya mtu hata mara moja. Aibu hii nimeibeba miaka kumi na miwili, na sitaki astaafu nikiwa nayo.

Leo asubuhi nimeingiza karatasi hiyo na noti yake. Mpishi wetu mkuu anaisoma hapa kwa mara ya kwanza, kama ninyi wengine. Ujumbe wako, kaka, ulikuwa huu: "Mwambie aliyepika samaki huyu kwamba tangu mama yangu afariki sijala nikajisikia niko nyumbani, isipokuwa leo." Nisamehe.

Shangazi, kwa niaba ya ukumbi, jikoni na ofisi, asante kwa miaka yote uliyosimama ili wengine wakae. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wanaomaliza chakula. Ukija kututembelea, meza ya dirishani ni yako na chai ni juu yetu. Na ukithubutu kuacha noti chini ya kisahani, nitakukimbiza mitaa miwili.